Mwongozo wa Kufundisha kwa Tabuleti katika Shule za Msingi za Magharibi mwa Kenya

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Gredi ya 1 hadi ya 6 ambaye shule yake ina tabuleti, ziwe nyingi au chache, na ambaye anataka zitumike kufundishia badala ya kufungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu. Shule nyingi za umma za Kisumu, Vihiga na Kakamega zilipata vifaa hivi kupitia mpango wa serikali wa ujuzi wa kidijitali, ambao ulianza kuvisambaza mwaka 2016 ukiwalenga wanafunzi wa darasa la kwanza, na ambao mbali na tabuleti ulileta kompyuta za walimu, projekta na kifaa cha kuhifadhia maudhui. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umilisi wa kidijitali ulihesabiwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, kwa hivyo matumizi ya tabuleti sasa ni sehemu ya kazi ya mwalimu wa kila somo, wala hayamhusu tu mwalimu anayependa mitambo.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vyema kujua kwamba swali la faida ya tabuleti lilikwisha kuulizwa hapa kwetu. Katika Kaunti ya Kisumu, shule za msingi zilizokuwa katika mradi mmoja wa kusoma ziligawanywa katika makundi matatu: kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali, la pili walimu walipewa tabuleti, na la tatu tabuleti zikapewa maafisa wanaozuru madarasa na kuwashauri walimu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba wanafunzi wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wenzao wa shule zisizokuwa katika mradi, lakini makundi yenyewe hayakutofautiana sana, na njia iliyoleta faida kubwa zaidi kwa gharama yake ilikuwa ile ya kumpa tabuleti afisa anayemshauri mwalimu. Mimi huyasoma matokeo hayo hivi: kinachomwinua mwanafunzi ni somo lililopangwa vyema na mwalimu anayefuatiliwa na kusaidiwa, na tabuleti hufaa pale inapoingia ndani ya somo la namna hiyo ikiwa na kazi moja inayojulikana. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya msingi huo.

Hatua ya kwanza: kagua kilichopo

Usinunue wala kupakua chochote kabla ya kujua ulicho nacho. Toa tabuleti zote, zipange mezani, na uandike nambari nyuma ya kila moja kwa rangi au kalamu isiyofutika. Kisha fungua daftari la kumbukumbu lenye nambari ya kifaa, hali ya kioo, hali ya tundu la chaja, nafasi ya kuhifadhia iliyobaki, na jina la mwalimu aliyekikagua. Chaji kila tabuleti hadi ijae, icheze video iliyohifadhiwa ndani yake kwa saa moja, halafu uandike kiwango cha betri kilichobaki. Tabuleti iliyopoteza zaidi ya asilimia 40 kwa saa hiyo moja ina betri iliyochoka. Haifai kutupwa, kwani kazi ya darasani haizidi dakika kumi au kumi na tano kwa wakati mmoja, lakini iwekwe alama ili isipangiwe vipindi viwili vinavyofuatana.

Usishangae ukikuta nusu ya vifaa haviwaki. Betri iliyokaa muda mrefu bila chaji mara nyingi huhitaji kuachwa kwenye umeme kwa saa kadhaa kabla ya kuonyesha dalili yoyote ya uhai, na tundu la chaja lililojaa vumbi husafishwa kwa kijiti kikavu cha mbao, kamwe si kwa sindano wala pini. Ukimaliza ukaguzi utakuwa na hesabu ya tabuleti zinazotegemewa, na hiyo ndiyo hesabu ya kupangia masomo, hata kama daftari la mali ya shule linasema vingine.

Hatua ya pili: panga umeme na mahali pa kuhifadhia

Walimu wakuu wengi huhofia bili ya stima, na hofu hiyo huondolewa kwa hesabu fupi. Betri ya tabuleti ya kawaida yenye uwezo wa miliampia-saa 5,000 kwa volti 3.7 hubeba takribani wati-saa 18.5. Tabuleti 40 kwa hiyo hubeba wati-saa 740, na ukiongeza nishati inayopotea kama joto wakati wa kuchaji, utakuta kwamba kuzijaza zote kutoka sifuri kunatumia karibu yuniti moja ya stima. Mahali pa kutilia mkazo ni usalama wa nyaya. Chaja 20 za wati 10 kila moja huvuta wati 200 pekee, mzigo ambao soketi moja nzuri inaumudu bila taabu, lakini vipanuzi vya bei rahisi vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine hulegea, hupata joto na vinaweza kuwasha moto. Nunua vipanuzi viwili vyenye fyuzi na kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla, na kila kimoja ukichomeke moja kwa moja ukutani.

Katika eneo letu kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni radi. Nyanda zinazozunguka Ziwa Victoria, pamoja na Kakamega na Kisii, hupata ngurumo nyingi, na mvua zake hupenda kunyesha alasiri na jioni. Kwa sababu hiyo napendekeza tabuleti zichajiwe asubuhi, chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja aliyepewa zamu, na chaja zote zichomolewe ukutani kabla ya saa nane mchana. Kuziacha kwenye umeme usiku kucha katika chumba kisicho na mtu ni hatari kwa vifaa na kwa jengo.

Kabati liwe la chuma, liwe na matundu ya kupitisha hewa, liwekwe katika chumba chenye vyuma madirishani, na funguo zake ziwe mbili, moja kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa mwalimu wa zamu. Kama funguo ni moja na yuko nayo mtu aliyeenda mkutano mjini, somo limekufa kabla ya kuanza.

Hatua ya tatu: chagua maudhui yasiyohitaji intaneti

Panga kana kwamba intaneti haipo. Bando likinunuliwa, litumike na mwalimu kupakua vitu mara moja kwa muhula, kisha vigawiwe kwenye tabuleti zote. Mahali pa kuanzia ni maudhui yaliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya (KICD), kwa kuwa yanafuata mada za mtaala na hayatamlazimu mwalimu kueleza kwa nini amefundisha nje ya azimio la kazi.

Nyenzo mbili zaidi ni za bure na ninazipendekeza kwa moyo wote. Ya kwanza ni Kolibri, programu inayohifadhi masomo, video na mazoezi katika kompyuta moja, na tabuleti zote zilizounganishwa na ruta ya shule zikayafungua bila intaneti kabisa. Kompyuta ya mwalimu iliyokuja na mpango wa serikali inaweza kufanya kazi hiyo ikiwa bado ni nzima. Ya pili ni African Storybook, hazina ya hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kidholuo na Kibukusu, ambazo leseni yake inaruhusu kupakuliwa na kuchapishwa. Kwa mwalimu wa Gredi ya 1 huko Seme au Nyando, hadithi ya Kidholuo kwenye kioo ina thamani kubwa, kwani mtoto hujifunza kusoma haraka zaidi katika lugha anayoielewa kabla ya kuhamisha ujuzi huo kwenye Kiswahili na Kiingereza.

Kuna pia programu mbili zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watoto wanaojifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, ya Kitkit School na ya onebillion. Zilijaribiwa katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, Tanzania, na mwaka 2019 zikagawana zawadi kuu ya shindano la kimataifa la programu za watoto. Zinafaa zaidi kwa mtoto aliyebaki nyuma, anayehitaji kurudia herufi zile zile mara nyingi bila kuchekwa na wenzake.

Programu yoyote nyingine unayoletewa, ijaribu wewe mwenyewe kwanza ukiwa umezima intaneti. Itazame ikiwa ina matangazo ya biashara, isikilize kama sauti yake inatamka Kiswahili sanifu, na ukosee jibu kwa makusudi ili uone inafanya nini. Programu inayopiga kengele tu na kusonga mbele mtoto akikosea haimfundishi chochote. Ile inayomrudisha kwenye silabi au hesabu aliyoikosa ndiyo ya kuwekwa.

Hatua ya nne: iandae tabuleti kwa mikono ya mtoto

Ondoa kwenye ukurasa wa mbele kila kitu kisichohitajika, zima arifa, zima usasishaji wa moja kwa moja, weka nenosiri kwenye duka la programu, na upunguze mwangaza wa kioo hadi nusu ili betri idumu. Tabuleti za Android zina kipengele, katika mipangilio ya usalama, kinachobana programu moja kwenye kioo ili mtoto asiweze kutoka na kuingia kwingine. Kitumie daima kwa madarasa ya chini. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu, fungua mipangilio ya usaidizi, ukuze maandishi, au uwashe kisomaji kinachotamka yaliyo kwenye kioo.

Hatua ya tano: liandike somo, kisha uitafutie tabuleti nafasi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapomsihi mwalimu atumie muda wake mwingi. Andalio la somo liandikwe kwanza kama kawaida, na mada, mada ndogo na matokeo yanayotarajiwa, kana kwamba tabuleti hazipo. Ukimaliza, jiulize ni sehemu gani ya somo ambayo ubao na kitabu haviimudu vizuri: labda ni nakala za hadithi ambazo hazitoshi wanafunzi wote, labda ni mwendo wa kitu usioonekana katika picha iliyotulia. Sehemu hiyo peke yake ndiyo ikabidhiwe tabuleti. Isipopatikana, fundisha bila tabuleti siku hiyo.

Tuchukue mfano wa Gredi ya 3 yenye wanafunzi 60, shule ikiwa na tabuleti 15 zinazotegemewa, na kipindi cha Kiswahili cha dakika 30 chenye lengo la kusoma hadithi fupi kwa ufasaha na kutambua maana ya maneno mapya. Kugawa tabuleti moja kwa wanafunzi wanne ni kosa, kwa sababu wawili watasoma na wawili watatazama paa. Badala yake darasa ligawanywe nusu mbili. Dakika tano za mwanzo ni za darasa zima: mwalimu anataja kichwa cha hadithi, anaandika ubaoni maneno matatu magumu, wanafunzi wanayatamka, na wanabashiri yatakayotokea. Dakika kumi zinazofuata, wanafunzi 30 wa nusu ya kwanza wanakaa wawili wawili na tabuleti, huku nusu ya pili ikitunga sentensi daftarini kwa maneno yale matatu. Kisha nusu hizo zinabadilishana kazi kwa dakika kumi nyingine, na dakika tano za mwisho darasa zima linajibu maswali kwa mdomo, tabuleti zikiwa zimekwisha kukusanywa.

Ndani ya kila jozi, kila mtoto awe na wajibu. Mmoja anashika tabuleti na kufungua kurasa, mwenzake anasoma kwa sauti ya chini akifuatisha maneno kwa kidole kilicho juu kidogo ya kioo, na kila ukurasa ukiisha wanabadilishana. Wakimaliza hadithi, wanaandika daftarini neno moja jipya na swali moja wanalotaka kuwauliza wenzao. Kazi hiyo ya daftari isiachwe, kwa kuwa ndiyo inayomlazimu mtoto kufikiri juu ya alichosoma, na ndiyo itakayomwonyesha mwalimu baadaye ni nani aliyeelewa.

Mwalimu asikae. Mahali pake ni nyuma ya nusu yenye tabuleti, kwani akisimama hapo anaona vioo vyote 15 kwa mtazamo mmoja, ilhali akisimama mbele anaona migongo ya vifaa tu. Awafunze wanafunzi amri moja, kwa mfano "Kioo chini!", ambayo wakiisikia kila jozi huilaza tabuleti kwenye dawati kioo kikiangalia chini na kuinua macho. Irudieni amri hiyo kwa mazoezi katika siku za mwanzo kabla ya kuanza masomo yoyote, maana darasa ambalo haliwezi kunyamazishwa kwa neno moja halijawa tayari kwa tabuleti. Sauti za vifaa zizimwe, isipokuwa pale zoezi linapohitaji kusikiliza, na hapo ni bora kifaa kimoja kisikilizwe na kikundi kidogo karibu na mlango.

Ugawaji ufanyike wakati wa mapumziko, na viranja wawili walioteuliwa, wakifuata nambari: jozi ya 1 hupata tabuleti ya 1 kila siku. Mpango huu huokoa dakika nyingi za kipindi, na kioo kikipasuka hujulikana mara moja kilikuwa mikononi mwa nani. Wanafunzi wanawe mikono na kuikausha kabla ya kipindi. Mwalimu awe pia na hadithi hiyo hiyo imechapishwa kwenye karatasi au imeandikwa kwenye chati, ili ruta ikigoma somo liendelee bila kusita.

Katika Hisabati mpangilio ni ule ule, lakini vitu halisi vitangulie. Mtoto wa Gredi ya 4 anayejifunza sehemu akunje karatasi ipate sehemu mbili sawa, kisha nne, kisha nane, aipake rangi robo, ndipo aone sehemu hizo zikisogezwa kwenye kioo.

Hatua ya sita: tumia kamera na kinasa sauti

Walimu wengi hutafuta programu mpya huku wakisahau kwamba vifaa viwili bora vya kufundishia vimo tayari ndani ya tabuleti na havihitaji bando wala idhini ya mtu. Kamera huwatoa wanafunzi darasani. Katika Sayansi, kikundi cha Gredi ya 5 kinaweza kupiga picha mmea wa mahindi kila Ijumaa ukiwa kando ya rula, na baada ya wiki kadhaa kikazipanga picha hizo na kuchora jedwali la ukuaji. Shule zilizo karibu na Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria ulioko Kisumu, zinaweza kuchunguza gugumaji na wadudu wanaoishi ndani yake, na zile za bara zikalipiga picha gugu la striga, ambalo wakulima wa Kidholuo huliita kayongo, kisha wanafunzi wawahoji wazazi wao jinsi wanavyopambana nalo.

Kinasa sauti ni hazina kwa mwalimu wa lugha. Mrekodi mwanafunzi akisoma kifungu asichowahi kukiona kwa dakika moja, uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, na umsikilizishe mwenyewe. Kiwango kilichotumika katika mradi wa kitaifa wa Tusome kwa msomaji fasaha wa madarasa ya chini kilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, tofauti inayotokana na urefu wa maneno yetu. Mrekodi tena mwisho wa mwezi. Mtoto akisikia sauti yake ya mwanzoni ikisuasua na ya sasa ikitiririka, hahitaji kuambiwa kwamba ameendelea.

Hatua ya saba: linda taarifa za watoto

Picha na sauti za wanafunzi ni taarifa zao binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, kwa hivyo jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa wazazi mwanzoni mwa mwaka, fomu fupi ya Kiswahili isomwe kwa sauti na itiwe sahihi. Picha za masomo zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, na zifutwe kwenye tabuleti kazi inapokamilika. Programu inayodai jina kamili la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa au mahali alipo isipewe. Andika "Mwanafunzi 7" na uendelee.

Hatua ya nane: pima kama somo limefaa

Kila mwisho wa mwezi linganisha mambo mawili tu: rekodi za kusoma au alama za zoezi fupi la karatasi, na idadi ya vipindi ambavyo tabuleti zilitumika kama ilivyopangwa. Alama ambazo programu yenyewe hutoa zisitegemewe peke yake, kwa sababu mtoto huzoea mchezo na kubonyeza kwa mazoea. Mwalike afisa wa usaidizi wa mtaala wa kanda yako akae nyuma ya darasa wakati wa kipindi cha tabuleti na akuambie waziwazi alichoona; ushauri wake baada ya kipindi kimoja ni wa thamani kuliko semina ya siku nzima hotelini. Zoezi ambalo halijaleta tofauti kwa miezi miwili liondolewe, hata kama watoto wanalipenda.

Hatua ya tisa: hifadhi vifaa wakati wa likizo

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huharibu betri nyingi, kwa sababu vifaa hufungiwa vikiwa vimeisha chaji. Kabla ya kufunga shule, chaji kila tabuleti hadi karibu nusu, izime kabisa, ipanguse kwa kitambaa kikavu, na uiweke mbali na bati linalopigwa na jua. Mwalimu mmoja apangiwe kufungua kabati katikati ya likizo, akague kama kuna unyevu au mchwa, na arudishe chaji kwenye nusu pale ilipopungua. Akikuta tabuleti iliyofura mgongoni au kioo kilichoinuka, asiichaji wala asijaribu kuibana. Aitoe nje ya jengo, aiweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na watoto, aiandike kwenye daftari kwa nambari yake, na amwite fundi anayejua kushughulikia betri za lithiamu.